Joto la Kyela halifupishi mifupa ya kuku wako

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ukishuka Kyela uko 500 na kitu, kwa hiyo mtu akibeba vifaranga vya broila Uyole akavipeleka kule vikatoka vidogo, utasikia "joto limedumaza mifupa". Jamani si kweli, tena ukweli unakaribia kuwa kinyume.

Panya waliolelewa kwenye nyuzi 27 wanakuwa na miguu na mikia mirefu kuliko wenzao wa nyuzi 7. Nguruwe walipimwa hivyohivyo, 35 kwa 5, wa joto wakatoka na miguu mirefu. Na gegedu la mfupa (ile sehemu laini ambako mfupa unarefukia) hata ukiliweka kwenye chombo cha maabara, hakuna damu inayopita, kwenye joto bado linakua haraka zaidi. Mmarekani mmoja, Joel Allen, aliliandika hili tangu 1877 kwa wanyama wa porini, kwamba wa nchi za baridi wana masikio na miguu mifupi.

Sasa mbona kuku anatoka mdogo? Kwanza anakula kidogo, maana kusaga chakula kunazalisha joto na yeye joto halitaki. Halafu wapo wanaosema eti joto linachemsha homoni zote, hapana, za thairoidi (ile tezi ya shingoni, kwa watu ikivimba tunaita rovu) zinashuka kwa sababu kazi yake mojawapo ni kuwasha moto wa mwili, zinazopanda ni zile za msongo, na hizo zikikaa juu siku nyingi zinakula misuli na kudhoofisha mfupa. Ng'ombe wa maziwa wa Tukuyu kwenye baridi ukimshusha Mbarali kwenye joto ni kisa kilekile.

Nyingine, "ganda la yai laini, ongeza chokaa". Chokaa inaweza kuwa ipo ya kutosha kabisa. Kuku hana jasho, anapoa kwa kuhema, akihema sana anatoa kabonidayoksaidi nyingi, damu inabadilika na kalsiamu inayotumika kutengeneza ganda inapungua, hapo anaanza kuchota kwenye mifupa yake mwenyewe. Kivuli, hewa na maji ya baridi vinasaidia kuliko kiroba kingine cha chokaa.

Shemeji yangu kule Kyela alikuwa anamwaga chakula saa saba mchana, kuku wanakiangalia tu midomo wazi. Siku hizi anaweka saa kumi na moja alfajiri na jua likizama, vyombo vinakutwa vitupu.