Mfumo Kuwa Mzito Si Sababu ya Kulazimisha Kashe: Ufafanuzi kwa Wasimamizi wa Seva

Katika miezi ya karibuni dawati letu la msaada limepokea malalamiko mengi yanayofanana: "mfumo umekuwa mzito ghafla", "kuhifadhi risiti moja kunachukua nusu dakika", "jana ulikuwa unakwenda vizuri tu". Tulipofuatilia, sehemu kubwa ya malalamiko hayo haikuhusu mtandao wala programu. Ilihusu kashe (kumbukumbu ya muda) ya kidhibiti cha diski, yaani kadi inayosimamia diski za seva, na hasa betri yake. Tumeona vyema kutoa ufafanuzi huu kwa maafisa TEHAMA, wakuu wa vitengo, na yeyote anayekaa na ufunguo wa chumba cha seva.

Kwanza, kashe tunayoizungumzia si ile "akiba" ya kwenye simu inayofutwa ili simu iwe nyepesi. Tunapigiwa simu na watu wanaotaka waelekezwe namna ya kuifuta. Usiifute. Mle ndani kuna kazi za watu ambazo bado hazijafika diskini.

Chukua mfano wa masjala. Unapeleka barua, karani anagonga mhuri wa IMEPOKELEWA kwenye nakala yako, unaondoka zako umeridhika. Barua yenyewe bado iko kwenye trei mezani; itaingia kwenye jalada baadaye, karani akipata nafasi. Kidhibiti nacho hufanya hivyo kikiwekwa kwenye mpangilio wa kuandika baadaye: kinapokea data kwenye kumbukumbu yake, kinaiambia hifadhidata "tayari", kisha kinapeleka diskini kwa utaratibu wake. Kwenye mpangilio wa kuandika papo hapo, karani hagongi mhuri mpaka barua iwe ndani ya jalada. Ni salama, ila foleni inafika barabarani.

Foleni hiyo ina sababu za kimaumbile. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huchukua takribani milisekunde 8.3 kumaliza mzunguko mmoja, na ukijumlisha muda wa kichwa chake kusogea, inamudu kazi 80 hadi 100 hivi kwa sekunde pale zinapokuwa zimetawanyika. Kwenye RAID 5, mpangilio wa diski kadhaa zinazolindana ili moja ikifa data ibaki, hali ni ngumu zaidi, maana andiko moja dogo huzaa kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma hesabu ya ulinzi ya zamani, kuandika data mpya, kuandika hesabu mpya. Diski sita zenye uwezo wa kazi 500 kwa pamoja zinabakiwa na maandiko 125 hivi kwa sekunde. Kashe ndiyo iliyokuwa ikikuficha ukweli huo tangu siku ya kwanza.

Sasa betri. Trei ya masjala haipotezi barua umeme ukikatika, lakini kumbukumbu ya kidhibiti hupoteza kila kitu. Kwa hiyo mtengenezaji ameweka betri ya kuishikilia data mpaka umeme urudi, na kidhibiti hupima afya ya betri hiyo chenyewe. Betri ikichoka, kidhibiti huacha kuandika baadaye na kurudi kwenye kuandika papo hapo. Siku hiyo ndiyo mnayopiga simu kusema mfumo umeharibika. Haujaharibika. Unawalinda.

Tatizo linaanza pale fundi anapofungua menyu na kukuta machaguo matatu: "Write Through" (kuandika papo hapo), "Write Back" (kuandika baadaye) na "Force Write Back". La tatu maana yake ni kuandika baadaye hata kama betri imekufa. Analichagua, mfumo unapaa, mhasibu anashukuru, fundi anasifiwa.

Tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, hitilafu kwenye Gridi ya Taifa ilizima umeme sehemu kubwa ya Tanzania. Wiki hiyo niliitwa kwenye taasisi moja ambayo sitaitaja. Seva iliwaka, hifadhidata ikakataa kufunguka. Nilipochomoa kidhibiti nikakuta betri imevimba kama andazi, na kwenye kumbukumbu za matukio onyo la betri lilikuwa limejirudia kwa miezi. Kijana wa zamu alisema kwa sauti ya chini, "Mkuu, nililazimisha tu ili kazi ziende." Watu walikuwa na risiti zilizochapishwa, ila malipo yao hayakuwamo diskini. Hifadhidata ilikuwa imepewa mhuri wa IMEPOKELEWA, trei ikateketea. Tulirejesha nakala rudufu, na kilichobaki kikaingizwa kwa mkono kutoka kwenye vishina vya risiti.

Hoja inayofuata huwa ni "lakini tuna UPS na jenereta". Ni vizuri kuwa navyo. UPS haizuii mtu kuchomoa waya usio wake, haizuii ugavi wa umeme ndani ya seva kuungua, na betri za UPS nazo huchoka. Taasisi niliyoielezea hapo juu ilikuwa na UPS.

Betri nzima nayo ina mpaka wake. Nyingi za aina ya zamani zimetengenezwa kushikilia data kwa saa 72 zikiwa mpya. Ukizima swichi kuu ghafla jioni ya Alhamisi Kuu ukarudi Jumanne, umeshapita hapo. Zima mfumo kwa utaratibu wake kwanza, kashe imwagike diskini, ndipo uguse swichi. Vidhibiti vya kisasa havina shida hiyo sana: vina kapasita kubwa inayotoa umeme wa kutosha kuhamishia data kwenye kumbukumbu ya flashi, na ikishafika huko haihitaji umeme kuendelea kuwepo. Ukinunua kifaa kipya, omba aina hii.

Kuna pia uzito unaokuja na kuondoka wenyewe. Baadhi ya betri hujipima kwa kujimaliza chaji na kujichaji upya. Kwenye vidhibiti vya Dell PERC vya zamani hilo hutokea takribani kila siku 90. Wakati huo kidhibiti kinaweza kurudi kwenye kuandika papo hapo kwa saa kadhaa. Pangeni zoezi hilo liangukie usiku wa Jumamosi badala ya asubuhi ya mwisho wa mwezi, mishahara inapoandaliwa. Ni mpangilio wa dakika mbili na unatuondolea nusu ya simu.

Ukiwasha seva ukakuta ujumbe kwamba kuna kashe iliyohifadhiwa na diski fulani haionekani, usikubali chaguo la kuitupa ili tu seva iwake. Rudisha diski au waya uliolegea kwanza. Data hiyo bado iko hai, inasubiri pa kwenda.

Mifumo yenye vidhibiti viwili huandika nakala ya kashe pande zote mbili, na wapo wanaozima nakala hiyo wapate kasi. Mkifanya hivyo, kidhibiti kimoja kikifa kinaondoka na data yake. Diski zenyewe nazo zina kashe ndogo isiyo na betri kabisa; hiyo izimwe, isipokuwa mtengenezaji wa mfumo ameelekeza vinginevyo.

Kuhusu kashe ya kusoma sina mengi. Seva yenye RAM ya GB 256 tayari inatunza inachosoma mara kwa mara, kwa hiyo kidhibiti chenye GB 2 hakiongezi kitu kikubwa hapo. Ndiyo maana vidhibiti vya HPE Smart Array hutoka kiwandani na mgao wa asilimia 10 kusoma na 90 kuandika. Kusoma mbele, yaani kidhibiti kuvuta data inayofuata kabla haijaombwa, kuwashwe kwenye mafaili makubwa ya kufuatana, kama nakala rudufu na video za kamera. Kwenye hifadhidata ya miamala hakusaidii.

Utaratibu wa kubadili mpangilio ni huu. Afisa TEHAMA anajaza fomu ya maombi ya mabadiliko, akiambatisha picha ya skrini ya hali ya betri iliyopigwa ndani ya saa 24 zilizopita, mpangilio wa sasa, mpangilio unaoombwa na namna ya kurudi nyuma. Mkuu wa Kitengo anasaini. Nakala rudufu inachukuliwa, na inajaribiwa kurejeshwa; fomu inayosema "backup ipo" bila tarehe ya jaribio tunairudisha. Betri mpya inaombwa kupitia NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi wa kielektroniki, kwa namba ya kipuri ya mtengenezaji, si kwa maneno "betri ya seva", maana kwa maneno hayo mzabuni ataleta ya UPS. Imeshatokea.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa azilinde, ikiwemo dhidi ya upotevu na uharibifu. Anayefuta, kuharibu au kubadili taarifa binafsi kinyume cha sheria anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote kwa pamoja. Sisemi kwamba betri kufa ni jinai. Hilo si letu kuamua. Nasema kwamba onyo likikaa miezi kwenye kumbukumbu za matukio, na jina la aliyelazimisha likawa pembeni yake, maelezo yatatakiwa, na atakayetakiwa kuyatoa si kijana wa zamu peke yake.

Maombi yanapokelewa Jumatatu hadi Alhamisi, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Ijumaa hatubadilishi mpangilio wa kashe ya mtu yeyote, hata akija na barua ya Mkurugenzi.