Nenosiri la Wi-Fi si ulinzi wa ruta yenyewe

Wenye maduka pale Kirumba, Mwanza, husema: "Wi-Fi yangu ina nenosiri gumu, ruta iko salama." Sivyo. Nenosiri hilo huzuia watu kujiunga na Wi-Fi tu. Ukurasa wa mipangilio ya ruta una nenosiri lake, na mara nyingi bado ni la kiwandani: admin, admin. Telnet, njia ya zamani ya kuiendesha ruta kwa amri ukiwa mbali, ikiwa wazi upande wa intaneti, mtu aliye mbali huingia kupitia poti 23, yaani mlango wa Telnet, bila kuigusa Wi-Fi yako. Tena Telnet husafirisha nenosiri bila kulificha! Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi kwa manenosiri hayo ya kiwandani. Izime Telnet, ubadilishe nenosiri la mipangilio. Ukilazimika kuihudumia antena ya intaneti iliyoko Bugando ukiwa mbali, Igoma, tumia SSH, njia kama Telnet ila huficha mawasiliano, na uruhusu anwani yako ya IP peke yake.