Mwezi mpevu wa Mei ukiwa Arusha au Moshi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila Mei stetasi zinajaa picha ya mwezi wa pinki uliozungukwa na maua, eti leo usiku unatoka "Mwezi wa Maua", watu wanatoka nje wanakuta ni uleule mweupe wanarudi ndani wamenuna. Jamani, jina hilo limetoka kwa wenyeji wa Marekani Kaskazini, kwao Mei baridi imeisha na maua yanachanua, na wapo waliouita mwezi wa kupanda mahindi. Ni kalenda ya shughuli zao tu. Sisi huku Mei masika yanaelekea kuisha na mahindi tushapanda. Rangi inabadilika kweli mwezi ukiwa chini, unakuwa wa njano au chungwa kwa sababu mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia, ila hiyo ni miezi yote.

Halafu lile la kusema ukichomoza ni mkubwa kuliko ukiwa utosini. Hapana, ni macho tu. Chukua njegere kavu moja, nyoosha mkono, funga jicho moja uufunike mwezi ukichomoza, rudia saa nne usiku: njegere ileile inautosha.

Mei 2026 ina mwezi mpevu mara mbili, tarehe 1 na tarehe 31, na huo wa pili wanauita mwezi wa bluu. Hauwi bluu. Kutoka upevu mmoja hadi mwingine ni kama siku 29 na nusu, Mei ina 31, basi wa kwanza ukitokea mwanzoni kabisa, miwili inaingia. Na upevu wenyewe tarehe 31 unatimia saa tano na dakika 45 asubuhi kwa saa zetu, mwezi ukiwa bado haujachomoza huku, kwa hiyo usiambiwe umekosa, usiku wa tarehe 30 na wa 31 yote miwili kwa macho utauona umejaa.

Sasa hili ndilo linaloniuma, maelekezo ya kutazama yanakopiwa Ulaya yanabandikwa hivyohivyo, eti mwezi wa Mei unapita chini chini. London ndiyo, tarehe 31 hiyo unajiburuza karibu na mapaa. Huku kwetu karibu na ikweta unapanda juu sana, saa sita usiku uko juu upande wa kusini, na pembeni yake kuna nyota nyekundu, Antares, ya kundi la Nge. Wengine Arusha wanasubiri utokee nyuma ya Kilimanjaro kama kwenye picha. Picha hizo ni za kuanzia Novemba au Desemba, ndio mwezi mpevu unachomoza kaskazini-mashariki. Mei geukia kusini-mashariki, upande wa Mererani, na aliyeko Moshi aangalie upande wa Ziwa Jipe.

Na wa Moshi mna bahati kuliko sisi wa Arusha, kwa sababu mlima uko kaskazini yenu na mwezi uko kusini, mwanga unakipiga kilele cha Kibo usoni kabisa, barafu ya upande wenu inaonekana usiku kama wingu likiondoka. Mawingu ya Mei ni mengi kweli, lakini mara nyingi yanashuka usiku wa manane au alfajiri, msikate tamaa saa mbili.

Habari ya kwamba wajawazito wanajifungua wengi mwezi ukijaa, vizazi vimehesabiwa sana na uhusiano wa maana haukuonekana.

La mwisho ni la wenye darubini. Wengi wanaitoa mwezi ukiwa umejaa wakidhani ndio mashimo yataonekana vizuri, kumbe siku hiyo jua linaupiga kwa mbele na hakuna kivuli, unaona sahani nyeupe. Ngoja wiki moja, ukibaki nusu, ufuate ule mstari wa mwanga na giza, hapo vivuli ni virefu na mashimo unayaona moja moja.