Kijiji cha India kisicho na reli si lazima kiwe kimetengwa

Ukisoma wasifu wa kijiji cha India mtandaoni, utakuta idadi ya watu, ya kaya, wanaojua kusoma, kisha mstari mmoja: hakuna stesheni ya reli ndani ya kilomita 10. Wengi huhitimisha kwamba hao ni watu wachache waliofungiwa porini. Sivyo.

Takwimu zenyewe kwa kawaida ni za sensa ya 2011, maana ile ya 2021 iliahirishwa kwa ajili ya UVIKO-19. Aliyehesabiwa akiwa mchanga sasa ni kijana. Isitoshe, "kijiji" cha sensa ni eneo la ardhi lenye mipaka ya kiserikali. Kinaweza kuwa na vitongoji kadhaa, au kisiwe na mtu kabisa: kati ya vijiji takriban 640,000, zaidi ya 40,000 vilikuwa vitupu.

Reli nayo ni kipimo kibovu. Tangu 2000 serikali kuu inagharamia barabara zinazopitika mwaka mzima, ikianzia makazi ya watu 500 na zaidi kwenye tambarare, 250 milimani. Humo hupita mabasi, jeep za abiria, pikipiki na bajaji (ndizo hizo hizo zilizojaa Dar es Salaam), na nyingi zinaelekea mji wenye stesheni.