Mhandisi mnunuzi wa silaha za nchi: safari ya kazi ya Yves Sillard

Ununuzi wa silaha ukitajwa, wengi wetu huwaza majenerali, mawaziri na mikataba ya siri. Mhandisi hawaziwi. Ufaransa, hata hivyo, kiti cha juu cha shughuli hiyo kimekaliwa mara nyingi na wahandisi, na kuanzia 1989 hadi 1993 aliyekikalia alikuwa Yves Sillard. Nimemchagua kwa sababu maisha yake ya kazi yanaonyesha jambo ambalo sisi wa fani ya usimamizi wa miradi tunalisisitiza mno: serikali isiyo na mtu anayeuelewa mtambo kwa undani haiwezi kumhoji anayeuuza.

Kwanza taasisi yenyewe. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, jeshi la nchi kavu, la majini na la anga la Ufaransa kila moja lilikuwa na idara yake ya ufundi na ununuzi. Mpango wa silaha za nyuklia ukauvuruga utaratibu huo, kwani kombora, nyambizi na ndege vilipaswa kupangwa pamoja. Mwezi Aprili 1961, chini ya Rais Charles de Gaulle, shughuli zote zikawekwa chini ya taasisi moja, ambayo leo inajulikana kwa kifupi DGA. Kazi yake ni kugeuza mahitaji ya wanajeshi kuwa vigezo vya kiufundi, kuingia mikataba na viwanda, kisha kujaribu kilicholetwa kabla hakijapokelewa. Ina vituo vyake vya majaribio, kama cha ndege kule Istres na cha makombora kule Biscarrosse. Hiyo ndiyo nguvu yake kubwa. Mnunuzi mwenye uwanja wake wa majaribio halazimiki kuamini vipeperushi vya muuzaji.

Sillard alizaliwa 1936, akasoma École Polytechnique, chuo maarufu cha uhandisi cha Ufaransa, kisha akasomea uhandisi wa ndege. Alianzia kwenye majaribio ya ndege za kivita, akahamia mradi wa Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, na kuanzia 1969 hadi 1972 akawa mkuu wa kituo cha kurushia roketi cha Kourou, Guiana ya Ufaransa. (Kituo hicho kina uhusiano na pwani yetu: Malindi ni miongoni mwa vituo vilivyopokea mawimbi ya roketi za Ulaya ziitwazo Ariane zilizorushwa kutoka Kourou.)

Novemba 1971, akiwa bado mkuu wa Kourou, roketi ya Europa II, mradi wa pamoja wa nchi za Ulaya, ilirushwa kutoka hapo na kuharibika angani baada ya dakika chache tu. Hatua yake ya kwanza ilitengenezwa na Waingereza, ya pili na Wafaransa, ya tatu na Wajerumani, na shirika lililowaunganisha halikuwa na mamlaka ya kutosha juu yao. Kila nchi ilijibu kwa kipande chake. Hakuna aliyejibu kwa roketi nzima.

Mradi wa Ariane ulipoidhinishwa 1973, ulipangwa kinyume cha hapo: shirika la anga la Ufaransa, CNES, likapewa usimamizi wa kiufundi wa roketi yote. Sillard aliongoza idara ya roketi, na kuanzia 1976 akawa mkurugenzi mkuu wa shirika zima. Ariane ya kwanza ilipaa tarehe 24 Desemba 1979. Ya pili, Mei 1980, ilianguka kwa sababu uchomaji wa mafuta katika injini ulikosa utulivu. Wahandisi wakarudi kwenye injini, na Juni 1981 roketi ya tatu ikafaulu. Kwa maoni yangu, kipindi hicho kilimwandaa kwa kazi ya ununuzi kuliko cheo chochote, maana alijua kwamba kuchelewa mwaka mmoja kwa ajili ya kutafuta chanzo cha kosa kuna nafuu kuliko kurusha tena kwa matumaini.

Baada ya kuongoza taasisi ya utafiti wa bahari, Ifremer, alipewa DGA. Ukuta wa Berlin ulianguka mwaka huohuo, na bajeti zikaanza kubanwa. Hapa kuna hesabu ambayo umma huelezwa mara chache. Gharama za utafiti na majaribio ya kifaru au ndege hazipungui kwa sababu umepunguza idadi ya vifaa unavyonunua. Zinagawanywa kwa vifaa vichache zaidi, na kila kimoja kinakuwa ghali. Kifaru cha Leclerc kilipangwa kununuliwa zaidi ya 1,000. Mwishowe Ufaransa ilichukua 406. Mwanasiasa anayekata nusu ya oda akitegemea kuokoa nusu ya fedha anahitaji mhandisi wa kumwambia mapema kwamba haitakuwa hivyo.

Watanzania hatuhitaji kwenda mbali kuelewa gharama ya kukosa sauti hiyo. Rada ya kijeshi iliyonunuliwa kwa BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000 iligharimu takriban paundi milioni 28, na tathmini ya wataalamu wa usafiri wa anga, iliyogharamiwa na Benki ya Dunia, ilisema ni ghali mno na haifai vya kutosha kwa kuongoza ndege za kiraia. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani Uingereza kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, na baadaye paundi milioni 29.5 zikaletwa nchini kwa ajili ya elimu. Fedha zilirudi, ni kweli. Lakini swali la kiufundi, yaani kama mtambo ule unalingana na hitaji, lilipaswa kupata jibu kabla ya saini.

Matunda ya kazi ya mhandisi katika nafasi hiyo pia huonekana akiwa ameshaondoka. Ndege ya kivita ya Rafale C iliruka kwa mara ya kwanza Mei 1991, Sillard akiwa ofisini. Kikosi cha kwanza cha jeshi la anga kilianza kuitumia 2006, miaka 13 baada ya yeye kuondoka. Manowari ya kubebea ndege, Charles de Gaulle, ambayo mkuku wake, yaani uti wa chini wa meli, uliwekwa 1989, iliingia kazini 2001. Ndiyo sababu kila uamuzi wa kiufundi huandikwa pamoja na sababu zake: mtu atakayepokea mtambo siku ya makabidhiano huenda hakuwepo kabisa siku vigezo vilipopitishwa.