Je, wajua? Kompaila ya C iliandikwa kwa C yenyewe. Sasa ile ya kwanza ilitoka wapi?

Kompaila ni programu inayosoma alichoandika mwanaprogramu na kukigeuza kuwa maagizo ambayo mashine inaweza kuyatekeleza. Kompaila ya C, lugha ya kuandikia programu, iliandikwa kwa C tangu miaka yake ya mwanzo huko kwenye maabara ya Bell Labs, New Jersey, Marekani. Mtu akilisikia hilo huuliza papo hapo: ile ya kwanza kabisa iligeuzwa na nini?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja, na nililitoa bila kusita: Dennis Ritchie, mbunifu wa C, aliketi akaandika kompaila nzima kwa asembli, yaani agizo moja moja la mashine, na ilipofanya kazi akaiandika upya kwa C. Jibu hilo linaingia akilini, ila sivyo ilivyokuwa. Kosa limejificha kwenye neno “kwanza”. Nilikuwa nadhani ipo siku ambayo C haikuwepo, na kesho yake ikawepo, kamili, na kompaila yake mkononi. Ukiifuata historia yenyewe, siku hiyo huikuti. Unakuta lugha iliyoitwa B ikibadilika kidogo kidogo, kompaila ile ile ikirekebishwa na kurekebishwa, hadi ikaonekana lugha imeshakuwa nyingine na inastahili jina lake. Ni sawa na kumtafuta msemaji wa kwanza wa Kiswahili. Hayupo mtu aliyeamka asubuhi akisema Kiswahili ilhali mama yake alilala akisema lugha nyingine.

Basi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1969 Ken Thompson, mwenzake Ritchie, alikuwa akijenga Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye PDP-7, kompyuta yenye kumbukumbu ya maneno 8,192, kila neno likiwa fungu la biti 18. Mwenzake Doug McIlroy aliiletea mashine hiyo TMG, lugha ya kuandikia kompaila iliyobuniwa na Robert McClure. Namna alivyoileta, kama Thompson alivyosimulia miaka mingi baadaye, ndiyo iliyonibadilisha mawazo. McIlroy aliandika TMG kwa TMG yenyewe, kwenye karatasi. Kisha akaichukua karatasi ile akaigeuza kwa mkono, kana kwamba yeye ndiye kompaila, akapata asembli, akaiingiza kwenye mashine. Ukiufuata mnyororo huu hadi chanzo chake unamkuta mtu na karatasi yake.

Kwa TMG hiyo Thompson akaandika kompaila ya B, lugha aliyoipunguza kutoka BCPL, lugha ya awali zaidi ya Martin Richards. Ilipofanya kazi akaiandika upya kwa B. Wengi hapa huona mzunguko usio na pa kuingilia, lakini mlango upo. Kompaila ikishakaa kwenye mashine ni maagizo tu, na maagizo hayana habari yalitokana na lugha gani. Mhunzi asiye na nyundo huanza na jiwe. Kwa jiwe anafua nyundo mbovu, kwa nyundo mbovu anafua nyundo nzuri, na kuanzia hapo kila nyundo hufuliwa kwa nyundo. Atakayeingia kwenye karakana baada ya miaka kumi atakuta nyundo tupu na kushangaa zilianzaje, maana jiwe lilishatupwa zamani.

Shida kubwa ya Thompson ilikuwa nafasi. Ritchie ameandika kwamba kila kitu kipya kilichoongezwa kwenye B kiliinenepesha kompaila hadi ikawa inaingia kwenye kumbukumbu kwa tabu. Thompson akaiandika upya akitumia kitu hicho hicho kipya, nayo ikapungua. Chukua alama ya =+ (siku hizi tunaandika +=), iliyomwezesha mtu kuandika x =+ y badala ya x = x + y. Kuifundisha kompaila alama hiyo kunagharimu mistari ya ziada. Lakini kompaila nayo ni programu yenye hesabu zake, na hesabu hizo zikiandikwa kwa ufupi, gharama inarudi. Lugha ilikua kwa kujilipia yenyewe.

Kisha ikaja kompyuta ya PDP-11, mashine inayoweza kushika kumbukumbu baiti moja moja, yaani biti nane nane, wakati B ilijua kitu kimoja tu, neno zima. Mwaka 1971 Ritchie akaanza kuiongezea char, aina ya data inayobeba herufi moja, na kuifanya kompaila itoe maagizo ya mashine moja kwa moja. Kwa muda lugha ikaitwa NB, yaani B mpya, na baadaye C. Miongoni mwa tepu zilizonusurika imo kompaila ya kipindi hicho, inayokadiriwa kuwa ya 1972 au 1973, iliyonakiliwa kabla tu Ritchie hajaanza kutumia struct (njia ya kufunga data kadhaa pamoja chini ya jina moja) ndani yake. Inalitambua neno struct kwenye programu za wengine, lakini yenyewe haijatumia hata moja. Ndivyo ilivyopasa, kwa kuwa kompaila haiwezi kuandikwa kwa kitu ambacho iliyoitangulia haikijui.

Kuna sehemu moja ndogo ninayoipenda kuliko zote. Katika C, alama ya mstari mpya huandikwa \n, na namba yake ni 10. Ukifungua msimbo wa kompaila kutafuta inaijuaje namba hiyo, unakuta hivi:

if (c == 'n') return '\n';

Hiyo 10 haipo popote! Kompaila inaijua kwa sababu iliyoizaa iliijua. Ukitaka kuongeza alama nyingine, tuseme \v, huna budi kuandika namba mara moja:

if (c == 'v') return 11;

Unaikompaili, unaiweka mahali pa ile ya zamani, kisha unaifuta 11 na kuandika '\v'. Namba imetoweka kwenye maandishi, na itaendelea kurithiwa. Ni kama kugandisha maziwa: unatia kijiko cha mtindi wa jana kwenye maziwa ya leo, na kwenye maelezo ya upishi hakuna anayeandika uchachu wa kwanza ulitoka wapi.

Mfano huo wa \v ni wa Thompson mwenyewe, katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, uliochapishwa 1984. Hakuishia hapo. Alieleza jinsi ya kuifundisha kompaila ipenyeze mlango wa siri kila inapogeuza programu ya kuingilia Unix, na ipenyeze fundisho hilo hilo kila inapojigeuza yenyewe. Kisha unaifuta mistari yote ya hila. Msimbo wa kompaila unabaki safi, wa programu ya kuingilia nao safi, na mlango bado upo, ndani ya mtindi wa jana.