Matete hayamalizi maji ya kijito
Baadhi ya wakulima wa Dodoma huamini kwamba matete humaliza maji, kwa hiyo hufyeka kingo ili kijito kitiririke zaidi. Kweli hunywa maji, lakini yakiondolewa, mvua ya Desemba hushuka kwa kasi na kuzoa udongo na samadi. Penye matete mkondo hupungua mwendo: tope hutuama pamoja na fosifeti (kirutubisho cha mbolea) iliyoshikamana nalo, na ndani ya udongo uliojaa maji bakteria hugeuza naitreti, kirutubisho kingine cha mbolea, kuwa gesi inayopaa hewani.

Panda vipande vya mizizi ya matete mvua zikianza, kila nusu mita, ukingoni. Katikati ya mkondo mafuriko yatavizoa. Ng'ombe wanywe kwenye birika lililo mbali, maana kwato huua machipukizi upesi kuliko ukame. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.